Mji Uliosomwa Kutoka Ufukweni: Vitabu vya Mwongozo na Historia ya Gisenyi

Kitabu cha mwongozo wa msafiri, yaani kitabu kinachomweleza mgeni njia za kupita, mahali pa kulala, vitu vya kutazama na mambo ya kujihadhari nayo katika nchi asiyoijua, ni aina ya maandishi ambayo wanahistoria wamechelewa kuitumia kama chanzo, kwa kuwa huchapishwa ili kitumike kwa misimu michache kisha kiwekwe kando toleo jipya linapotoka. Hata hivyo, kitabu cha namna hiyo hubeba ushahidi wa aina mbili kwa wakati mmoja: humweleza msomaji mji ulivyokuwa katika mwaka fulani, na humfunulia pia, bila kukusudia, mwandishi alisimama wapi alipoutazama mji huo na aliwaandikia watu gani. Kwa mji wa Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ushahidi huo wa pili una uzito wa pekee, kwa sababu mji huu umeandikiwa wageni kwa zaidi ya miaka mia moja, na karibu katika maandishi yote hayo umetazamwa kutoka ufukweni, ilhali maisha ya wenyeji yamekuwa yakielekea sokoni na mpakani.

Makala haya yanafuatilia historia hiyo ili kuonyesha kwamba elimu iliyomo katika vitabu vya mwongozo vya Gisenyi, tangu ripoti za misafara ya Wajerumani hadi matoleo ya siku hizi, ilitoka kwa wapagazi, wakalimani, wavuvi na wachuuzi ambao majina yao hayakuandikwa, na kwamba msomaji anayetaka kuuelewa mji kama mwenyeji anavyouelewa hana budi kukisoma kitabu pamoja na tarehe yake, pamoja na walengwa wake, na pamoja na yale kilichoyanyamazia.

Kabla ya kitabu: njia za Bugoyi

Gisenyi ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ikipakana moja kwa moja na mji wa Goma wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huku safu ya volkano za Virunga ikiinuka upande wa kaskazini. Kabla ya kuwapo mji, eneo hili lilikuwa sehemu ya Bugoyi, nchi iliyokuwa na koo na wakubwa wake, ambayo watawala wa Rwanda ya kati waliendelea kuivuta chini ya mamlaka yao, hasa katika enzi ya Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyetawala katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1895. Wakazi wake, Wagoyi, walijulikana kama wafanyabiashara wa masafa, na tumbaku ya Bugoyi ilisafirishwa mbali ikibadilishwa kwa mifugo, majembe ya chuma na vyakula.

Biashara hiyo ilikuwa na mfumo uliokamilika. Kutoka nchi za magharibi ya ziwa, hasa kwa Watembo, zilikuja bangili za nyuzi zilizosukwa, zilizoitwa ubutega, ambazo wanawake walizivaa miguuni na ambazo katika masoko ya pande zote za ziwa zilifanya kazi ya fedha, kwa maana kwamba bidhaa nyingine zilihesabiwa thamani yake kwa idadi ya bangili. Kutoka kaskazini, katika nchi za Ziwa Edward, ilikuja chumvi, na kupitia kisiwa cha Ijwi mitumbwi iliunganisha kingo za mashariki na magharibi. Msafiri wa zama hizo hakuwa na karatasi ya kumwongoza, bali alitegemea uhusiano na watu: rafiki aliyefungamana naye kwa undugu wa damu, yaani ahadi ya kulindana iliyothibitishwa kwa kuchanjiana, shemeji aliyeoa ng'ambo ya ziwa, au mwenyeji aliyempa malazi na kumwombea njia kwa mkubwa wa sehemu inayofuata. Mwongozo ulikuwa mtu, na uaminifu wake ulipimwa kwa jinsi mgeni wake alivyorudi salama na mzigo wake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, wakati huohuo, maarifa ya njia yalikuwa yameanza kuingia katika maandishi ya Kiswahili chenyewe. Mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*, uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, una masimulizi ya wasafiri wa pwani, miongoni mwao Mtoro bin Mwinyi Bakari na Selim bin Abakari, walioeleza vituo vyao, desturi za watu waliowapitia na mashaka ya barabarani. Lakini njia za watu wa pwani ziliizunguka Rwanda bila kuingia ndani yake, kwa kuwa watawala wa nchi hiyo waliwazuia wafanyabiashara wa misafara mikubwa na kuwaacha wafanye biashara mipakani. Kwa sababu hiyo, maelezo ya kwanza ya maandishi kuhusu pwani ya kaskazini ya Kivu hayakutoka kwa wasafiri Waswahili, ingawa watu wa pwani walikuwa miongoni mwa waliobeba mizigo ya Mzungu aliyeyaandika.

Kissenji ya Wajerumani

Mzungu huyo alikuwa Gustav Adolf von Götzen, ofisa wa Kijerumani aliyeanza safari yake Pangani mwishoni mwa 1893 na kuonana na Rwabugiri mwaka uliofuata. Mwezi Juni 1894 alifika ufukwe wa Ziwa Kivu, katika eneo ambalo baadaye lingekuwa Gisenyi, baada ya kupanda volkano ya Nyiragongo, kisha akaendelea kuvuka bara hadi Bahari ya Atlantiki. Kitabu chake, *Durch Afrika von Ost nach West*, kilichapishwa Berlin mwaka 1895 na kikawa kwa muda mrefu rejea ya kwanza kwa kila aliyetaka kuja Kivu. Inafaa kukumbuka kwamba mstari wa mpaka kati ya milki ya Wajerumani na Dola Huru ya Kongo ulikuwa umechorwa kwenye ramani tangu 1885, miaka tisa kabla ya Mzungu yeyote kuliona ziwa lenyewe. Kwa hiyo wale walioiandikia Ulaya kuhusu Kivu walikuwa pia wakisahihisha ramani ambayo serikali zao zilikuwa zimeitumia kugawana nchi.

Mgogoro uliotokana na ramani hiyo ndio ulioufanya ufukwe wa kaskazini kuwa kituo cha kijeshi. Wajerumani waliandika jina la mahali hapo kama Kissenji, wakaweka askari wao, na Wabelgiji wakaweka wao ng'ambo, hadi makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910 yalipouweka mpaka mahali ulipo leo, kati ya Goma na Gisenyi, na kukitenga kisiwa cha Ijwi na Rwanda. Pamoja na askari walikuja wakalimani, wapishi, mafundi na wachuuzi wenye maduka ya vitambaa na shanga, na lugha iliyowaunganisha watu hao na serikali ilikuwa Kiswahili, ambacho Wajerumani walikitumia katika utawala wao wa Afrika Mashariki. Mji wa Gisenyi, kwa hiyo, ulianza kama mji wa watu waliotoka kwingine, katikati ya nchi ya Wagoyi waliokuwa na masoko yao tangu zamani.

Mwaka 1907 hadi 1908 msafara wa kisayansi wa Adolf Friedrich, Mwanamfalme wa Mecklenburg, ulipita katika nchi hii, ukiwa na wataalamu wa mimea, wanyama, miamba na watu. Maelezo ya msafara huo, yaliyochapishwa mwaka 1909, yalizisifu volkano na ziwa kwa namna ambayo vitabu vya mwongozo vimeendelea kuirudia. Lakini ndani ya safari hiyohiyo lilitokea jambo linaloonyesha gharama ya elimu ile. Mnamo Februari 1908, kikosi cha mtaalamu wa miamba Egon Kirschstein kilikumbwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe katika Mlima Karisimbi, na wapagazi 20 wakafa kwa baridi, wakiwa hawana nguo za kuwakinga katika kimo kile. Jina la Kirschstein limebaki katika fasihi ya volkano. Majina ya wale 20, walioibeba mizigo na vyombo vya kupimia mlima hadi juu, msomaji hayakuti pamoja nalo. Hali hii haikuwa ya msafara mmoja, kwani ndiyo iliyokuwa kawaida ya uandishi wa njia: anayeonyesha njia na anayebeba mzigo hugeuka kuwa idadi, na anayeandika hugeuka kuwa mvumbuzi.

Vita Vikuu vya Kwanza viliongeza aina nyingine ya kitabu cha mwongozo. Mwaka 1916 idara ya upelelezi ya jeshi la majini la Uingereza ilikamilisha kitabu cha rejea kuhusu Afrika Mashariki ya Kijerumani, chenye maelezo ya njia, maji, chakula na wakazi wa kila sehemu, kwa matumizi ya maofisa waliokuwa wakiivamia nchi. Katika mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yalivuka kutoka Goma na kuishika Gisenyi. Kufanana kwa kitabu cha mwanajeshi na kitabu cha mtalii, kwa maana kwamba vyote viwili humpangia mgeni nchi kwa kadiri ya mahitaji yake, si jambo la kushangaza, kwa sababu chanzo chao kilikuwa kimoja.

Mji wa mapumziko na mji wa kazi

Chini ya Ubelgiji, iliyokabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa na kuiunganisha kiutawala na Kongo mwaka 1925, Gisenyi ilipata sura ambayo mgeni huikuta mpaka leo. Kando ya ziwa kulipandwa miti na kujengwa nyumba za mapumziko, hoteli na barabara ya kutembea, kwa ajili ya maofisa, walowezi na wafanyakazi wa migodi waliotafuta hewa baridi. Mwaka 1925 pia ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyozijumuisha volkano za jirani, na ufukwe wa Kivu ukawa mahali pa kupumzikia baada ya kupanda milima. Kilomita chache kutoka mjini, misheni ya Nyundo, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, ilikuwa imekwisha kuwa kitovu cha elimu na uandishi. Ni hapo alipofanya kazi Padri Albert Pagès, aliyekusanya masimulizi ya historia ya Bugoyi, na ni Nyundo iliyopata, mwaka 1952, askofu Mnyarwanda wa kwanza, Aloys Bigirumwami.

Katika mazingira hayo ndipo kilipochapishwa kitabu cha mwongozo katika maana kamili ya neno hilo. Ulaya ilikuwa na mtindo wake tangu miaka ya 1830, pale Karl Baedeker wa Ujerumani na John Murray wa Uingereza walipotoa vitabu vidogo vilivyopangwa kwa njia na vituo, vyenye bei, umbali na ushauri, kwa wasafiri wa tabaka la kati waliotaka kusafiri bila kumtegemea mtu. Ofisi ya Utalii ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi iliuchukua mtindo huo. Mwongozo wake wa Kifaransa ulitoka Brussels mwaka 1949, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1951. Mgeni wa kitabu kile alikuwa na gari, au alikuwa na fedha za kulikodi. Alihitaji kujua umbali kwa kilomita, hoteli, hali ya barabara wakati wa mvua na mandhari yanayostahili kupigwa picha. Kwa mahitaji hayo kitabu kilifaa sana, na hata leo mtafiti anayetaka kujua barabara za wakati huo atakuta humo mambo yasiyopatikana kwa urahisi kwingine.

Nyuma ya ufukwe, hata hivyo, palikuwa na mji mwingine. Katika miji ya Rwanda ya wakati wa ukoloni, Waislamu, wafanyabiashara wadogo na watu waliotoka Tanganyika na Kongo walitengewa mitaa yao, iliyojulikana kwa jumla kama kambi za Waswahili, ambako waliishi nje ya mamlaka ya machifu na pia nje ya mitaa ya Wazungu. Biryogo ya Kigali ndiyo iliyo mashuhuri zaidi. Gisenyi ina Majengo yake, kama ilivyo Goma kwa jirani, na kama zilivyo Mombasa, Moshi na Dodoma, na kuenea huko kwa mtaa wa jina moja kunaonyesha njia ambayo utamaduni wa mjini ulifuata kutoka pwani hadi maziwa makuu. Humo ndimo walimokuwa mafundi cherehani, wauza vitambaa, madereva na walimu wa madrasa, yaani watu walewale ambao mgeni aliyetengenezewa gari au kushonewa suruali alikutana nao bila kujua kwamba amekutana na mji.

Kazi nayo ilikuwa na jiografia yake. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa mwaka 1957 kando ya ziwa, kusini mwa mji kuelekea Rubona, na kuanzia mwaka 1963 kilitumia gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya Kivu katika rasi ya Rubona, jambo lililokuwa la kwanza la namna yake katika ziwa hilo, ambalo linakadiriwa kuwa na kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Mwaka 1959 samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika walipandikizwa Kivu, na baada ya miongo miwili walikuwa wamezaana kiasi cha kuanzisha uvuvi mpya kabisa. Samaki hao ndio sambaza, chakula ambacho leo kila kitabu hukitaja kama cha asili ya mahali, ingawa wazee wa Rubona wanaweza kuukumbuka wakati kisipokuwapo mezani.

Mpaka kama kitovu cha mji

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, jambo lililouathiri mji kuliko utalii lilikuwa mpaka. Tarehe 20 Septemba 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini, katika mji huuhuu wa Gisenyi, mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao makuu yake yakawekwa hapo. Kwa mwananchi wa kawaida, lililomgusa zaidi katika utaratibu wa mpakani ni ile karatasi ndogo iitwayo jeton, ambayo mkazi wa eneo la mpaka huchukua ili avuke kwa siku moja bila pasipoti. Vivuko viwili vikuu viliendelea kugawana kazi: Grande Barrière, karibu na ziwa, kwa magari na wageni wenye pasipoti, na Petite Barrière, upande wa ndani, inayoingia moja kwa moja katika mtaa wa Birere wa Goma na ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa vivuko vya watembea kwa miguu vyenye watu wengi zaidi barani Afrika.

Vitabu vya mwongozo vya kizazi kipya, kama vile mwongozo wa Afrika Mashariki alioutunga Geoff Crowther kwa ajili ya Lonely Planet na kuchapishwa mwaka 1987, viliandikwa kwa msafiri mwenye begi la mgongoni na fedha kidogo, aliyepita Gisenyi akienda Zaire kutazama sokwe au volkano. Walengwa walikuwa wamebadilika, na kwa hiyo mji ulibadilika ndani ya kitabu: badala ya gereji, vyumba vya bei nafuu, badala ya umbali wa barabara, taratibu za viza. Lakini mtazamo ulibaki uleule, kwa kuwa Petite Barrière ilitajwa kama kikwazo cha kuvukwa, wakati kwa mkazi ni mahali pa kazi.

Kisha ukaja mwaka 1994, ambao hakuna kitabu cha mwongozo kingeweza kuubeba. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi wa Gisenyi waliuawa katika eneo la makaburi lililopewa na wauaji jina la Commune Rouge, ambalo linatajwa katika hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha, na ambalo leo lina kumbukumbu ya wahanga. Serikali ya muda iliyosimamia mauaji hayo ilihamia Gisenyi ilipokuwa ikishindwa vita, na katikati ya mwezi Julai mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma katika siku chache. Vita vya waasi vya mwaka 1997 na 1998 vikaendelea kuliumiza eneo hili. Mgeni anayetembea leo chini ya mitende ya ufukweni anapita katika mji uliobeba hayo yote, na kitabu kinachomwonyesha hoteli bila kumwonyesha Commune Rouge humnyima jambo ambalo kila mkazi wa umri wa makamo analijua.

Kusoma pamoja na wenyeji

Toleo la kwanza la mwongozo wa Rwanda wa kampuni ya Bradt, ulioandikwa na Janice Booth na Philip Briggs, lilitoka mwaka 2001, wakati nchi ilipokuwa ikijaribu kuwarudisha wageni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na wakazi wake wengi wakakimbilia Gisenyi. Mwaka 2006 marekebisho ya utawala yaliifuta mikoa ya zamani na kuunda Wilaya ya Rubavu, iliyopewa jina la kilima kinachoutazama mji. Mwaka 2011 ilizinduliwa njia ya Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Gisenyi hadi Rusizi kandokando ya ziwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za Rubavu. Mei 2023 Mto Sebeya ulifurika na kuua watu na kubomoa makazi, hasa katika sehemu za Nyundo. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na wapiganaji wa M23, na athari za mapigano zikafika upande wa Rwanda. Hata hoteli kubwa ya ufukweni imebadilisha jina mara mbili ndani ya kipindi ambacho kitabu kimoja kinaweza kukaa rafuni, kutoka Méridien Izuba hadi Kivu Sun na kutoka hapo hadi Serena. Katika mji wa namna hii, mwaka wa kuchapishwa ni habari muhimu kuliko nyota za hoteli.

Mambo mawili yanatosha kuonyesha tofauti ya kitabu na maarifa ya mkazi. La kwanza ni uvuvi wa sambaza. Vitabu humweleza mgeni kwamba jioni atawaona wavuvi wakiimba ziwani, na ni kweli; lakini anayekaa Rubona hadi giza liingie huona kazi yenyewe. Boti tatu za mbao hupangwa sambamba na kufungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, wavu ukateremshwa kati yake, na taa, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa na siku hizi ni za betri, zikawashwa ili kuwavuta samaki juu. Nyimbo nazo huwapa wapiga makasia mapigo ya pamoja, bila ambayo boti tatu zilizofungwa haziwezi kwenda sawa. Kila mwaka uvuvi huo husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane, na mgeni anayefika katika kipindi hicho hukuta ziwa kimya na bei ya sambaza imepanda sokoni, jambo ambalo mama muuza samaki angemweleza kwa sentensi moja.

La pili ni mazuku. Hili ni jina ambalo watu wa ukanda wa kaskazini wa Kivu wameipa gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika maeneo ya volkano na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma, ikiua mbuzi, ndege na mara nyingine watu. Wenyeji walijua mabonde ya kuepukwa kabla ya vipimo kuwapo, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua jina na maarifa hayo kama yalivyo. Hapa mfano wa kuigwa upo wazi: elimu ya mkazi iliingia katika maandishi ikiwa na alama ya mahali ilipotoka.

Kwa hiyo kukitumia kitabu cha mwongozo kama mwenyeji si kukitupa. Ni kukitazama kwanza mwaka wake, kisha kuhesabu kurasa zake, ziwa limepewa ngapi na soko limepewa ngapi, na hatimaye kwenda mahali ambapo hesabu imepungua. Kwa Rubavu, mahali hapo ni Petite Barrière asubuhi, ambako wanawake huvuka na nyanya, karoti, kabichi na maziwa ya nyanda za Bugoyi kuwalisha watu wa Goma, na ambako watu wenye ulemavu wamejijengea biashara ya kusafirisha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Anayesimama hapo kwa saa moja, na kuuliza kwa adabu nani anauza nini na anarudi saa ngapi, ameshaelewa kwa nini saa za kufunga mpaka zinazungumzwa mjini kuliko habari nyingine yoyote, na kwa nini mapigano au maradhi yanapoufunga, chakula hupungua upande mmoja na fedha upande wa pili. Wagoyi wa karne ya 19, waliohesabu mali kwa bangili za ubutega, wangeitambua biashara hiyo bila kuelezwa.

Wasafiri wanaokuja Gisenyi nao wamebadilika. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Na Kongo yenyewe ilijiunga na jumuiya mwaka 2022. Mgeni wa leo anaweza kuwa mwalimu wa Mwanza au mfanyabiashara wa Eldoret, mtu asiyehitaji kuelezwa mshikaki ni nini lakini anayehitaji kujua mtaa gani una nyumba ya wageni ya familia, msikiti au kanisa liko wapi, na bei ya haki sokoni ni ipi. Vitabu vilivyopo havikuandikwa kwa ajili yake. Kinachohitajika, na ambacho historia hii inakidai, ni mwongozo wa Rubavu ulioandikwa kwa Kinyarwanda na Kiswahili na watu wa Majengo, Rubona na Nyundo wenyewe, unaoanzia sokoni na kufika ufukweni baadaye, na unaoweka majina ya waliotoa maarifa yake kwenye ukurasa wa kwanza.